Fungua njia, usivue kofia

Jua la asubuhi halijapata nguvu, na Fungua amekwisha kagua breki mara mbili. Sasa anazikagua tena. Pikipiki yake nyeupe imeegeshwa mbele ya nyumba ya msiba. Nyuma yake liko gari la jeneza, na nyuma ya gari hilo foleni ya magari ya wafiwa inayopinda mpaka kona ya duka la dawa.

Katika mojawapo ya magari hayo amekaa mtahini wa manispaa. Fungua hajui ni lipi.

"Anakuja amevaa kama mfiwa," ananong'ona. "Pengine hata machozi anatoa. Utamjuaje?"

Fungua, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, ni msindikizaji wa misafara ya mazishi. Hutangulia mbele ya jeneza, husimamisha magari kwenye makutano, na huhakikisha msafara unafika makaburini bila kukatika. Jina hilo alibandikwa na wauza magazeti wa barabara kuu, ambao wakimwona huitana: "Haya, Fungua huyo! Leo nani katutoka?"

Leo anafanya mtihani wa leseni kwa mara ya pili. Akishindwa, hataruhusiwa kurudia mpaka mwaka upite.

Zamani kazi hii ilitaka pikipiki, filimbi na sauti nene. Kisha msindikizaji mmoja akajaribu kupitisha msafara kwenye mzunguko huku lori likiteremka mlima. Watu walikwenda kuzika mmoja, wakarudi na misiba miwili. Manispaa ikaamua kwamba kuanzia mwezi ujao, asiye na leseni asithubutu kumnyooshea dereva mkono.

Fungua hailaumu manispaa. "Sheria hii ilikawia," anasema. "Lakini mwenye njaa hata sheria nzuri inamtisha."

Kazi hii ndiyo inayomlisha yeye na binti yake anayesomea uuguzi. Wiki njema ina misafara mitatu. Wiki nyingine haina hata mmoja. "Na hii siyo biashara ya kuombea wateja," anasema na kucheka, kisha anajiziba mdomo, maana yuko msibani.

Mara ya kwanza maswali ya sheria aliyajibu yote, na huduma ya kwanza alifaulu. Kilichomponza ni mkono wake wa kushoto.

Pikipiki hii ilikuwa ya mumewe, naye alikuwa msindikizaji. Figo zilipomshinda, wenzake ndio waliomfungulia njia ya mwisho. Fungua, akiwa kwenye gari la pili, aliwaona: kila makutano, jeneza lilipopita, walivua kofia zao ngumu na kuinamisha vichwa, jua likiwapiga utosini. Alipoirithi pikipiki, akairithi na heshima ile.

"Kila niliyemsindikiza nimemvulia kofia," anasema. "Tajiri, fukara, mtoto mchanga. Wengine hawakuwa na mtu wa kuwalilia, lakini kofia walivuliwa."

Kanuni mpya hairuhusu. Msindikizaji aliye barabarani hukaa na kofia kichwani na macho kwenye magari, basi. Siku ya mtihani wa kwanza Fungua alilijua hilo vizuri. Jeneza lilipopita, mkono wa kushoto ukapanda wenyewe, ukafungua mkanda chini ya kidevu. Hakujua amefanya nini mpaka aliposikia upepo kwenye nywele.

"Mtahini akaniambia, 'Mama, vyote umepatia, ila umebaki kichwa wazi katikati ya barabara.' Nilitamani ardhi inimeze."

Tangu hapo usingizi umemkimbia. Kaka yake mdogo, fundi wa pikipiki, alijaribu kumtania ili hofu ipungue.

"Dada, nikupake gundi kichwani?"

"Ujipake wewe mdomoni."

"Basi nikufunge kwa waya."

"Nikianguka, watanivua kwa koleo?"

Fundi alitafakari siku kadhaa. Mwisho akaichukua kofia, akahamisha kifungo cha mkanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono wa kulia ndio unaoshika bendera nyekundu ya kusimamisha magari, na bendera, Fungua hajawahi kuiweka chini wakati msafara unapita. "Mkono wenye mazoea hautakuta kitu," alimwambia. "Wenye kifungo una shughuli zake."

Dereva wa gari la jeneza, mzee anayeitwa Taratibu, anapiga honi fupi. Wafiwa wameingia magarini. Fungua anatazama vioo vya magari kimoja kimoja, anatafuta uso usio na msiba, anakata tamaa, anawasha.

Makutano mawili ya kwanza yanapita salama. Ya tatu ni ya soko. Lori la nyanya linasimama mbele ya bendera yake, dereva akitoa kichwa nje.

"Mama, huyo maiti hana haraka! Mimi nyanya zinaoza!"

"Subiri, baba," Fungua anamjibu bila kugeuka. "Sina haraka ya kukusindikiza na wewe."

Kicheko kinazuka kwa wachukuzi wa soko, kisha kinazimika. Jeneza linapita.

Mkono wa kushoto unapanda.

Unafika chini ya kidevu, unapapasa, unakuta kitambaa kitupu. Vidole vinahangaika hapo. Bendera iko juu. Macho yanabaki kwenye lori. Polepole mkono unashuka na kutulia kifuani, nao unakaa hapo mpaka gari la mwisho livuke, ndipo Fungua anawasha na kurudi mbele ya jeneza.

Makaburini, wafiwa wakiwa wanashuka, mwanamume aliyekuwa amekaa pembeni mwa Taratibu, mbele kabisa, kwenye gari lenyewe la jeneza, anamfuata Fungua. Muda wote alikuwa nyuma yake moja kwa moja.

"Kule sokoni mkono wako ulikuwa unatafuta nini?"

"Mazoea, mzee."

"Yakawaje?"

"Hayakukuta mlango."

Nyuma yao jeneza linashushwa garini.

"Jumatatu uje ofisini na picha mbili ndogo za leseni," mtahini anamwambia. "Na kwenye picha, mama, kofia uvue."

Fungua anakaa juu ya tairi kuukuu kando ya lango la makaburi. Taratibu anamletea maji na kumwambia, "Kunywa, mwanangu, bado tunakuhitaji huku juu."

Akipata leseni hiyo mkononi, anasema, ana ombi la kupeleka manispaa. Magari yote yakishaingia makaburini na pikipiki ikishazimwa, wasindikizaji waruhusiwe kusimama pamoja langoni kabla ya kurudi mjini.

"Hapo siyo barabarani tena," anasema. Anainuka, anahakikisha injini imezimwa, anaiweka bendera chini. Kisha kwa mkono wa kulia, ambao bado haujazoea, anaanza kutafuta kifungo chini ya kidevu.