Episodi Niliyowatungia Mafundi Wenzangu

Bon, acheni niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: mi ndiye yule mama wa Muyinga, huku Burundi, aliyemtukana bamwana wake kupitia tamthilia. Bamwana, kwa asiyejua, ni mzazi mwenzio mliyeozeshana watoto, mtu wa kuheshimiwa kuliko hata ndugu, na mi wangu nilimtangaza sokoni wiki moja kabla ya harusi. Chekeni tu. Mi nimeshachoka kuona haya.

Sisi ni mafundi watano, tunashona kwenye baraza moja pale sokoni, na baraza letu lina sheria yake. Asubuhi mmoja anasimulia tamthilia ya jana jioni, wengine wanasikiliza huku miguu inakanyaga cherehani, na anayesimulia siku hiyo hapigi pindo wala hashoni vifungo, wenzake wanamfanyia. Msimulizi ni mi, kwa sababu kwangu iko tivi na betri ya jua (donc umeme ukikatika mi sikosi kitu), tena nasimulia kwa sauti zote, nalia wanapolia, nagomba wanapogomba. Miaka miwili sikushika kifungo. Mtu akishazoea hivyo, we, kifungo kimoja kinakuwa mzigo.

Basi wiki ile nilikuwa hoi kabisa. Namuozesha Rehema, mwanangu wa kwanza, kwa kijana wa Gitega anayeitwa Saidi, nguo za harusi nashona mwenyewe nyumbani, wateja wa sokoni hawataki kujua mambo yangu, wageni wanaingia na kutoka, na Jumatatu jioni nikakaa mbele ya tivi, nikasikia muziki wa mwanzo, nikasema nifumbe macho kidogo tu (ndivyo tunavyosemaga wote), kufumbua, mtu anasoma habari. Rehema alikuwa kwa shangazi yake, hata wa kumuuliza hakuna.

Kesho yake nimefika barazani na gauni la mteja lenye vifungo kumi na nane. Estella akaniwahi kabla sijakaa. Huyu ni fundi mwenzetu, amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi kwao Butihinda tayari anajua kushona. "Dada, tuambie basi! Yule mama tajiri alifika kwa kina Machozi?" Machozi ni jina tulilompa yule binti maskini wa tamthilia, maana hajawahi kumaliza sahani bila kulia, na tulikuwa tumeachwa pale mama mkwe mtarajiwa amepanda gari kupeleka posa.

Nikaviangalia vifungo kumi na nane. Nilitakiwa kusema neno moja tu, nililala, na dunia isingepinduka. Mi nikasema, "Alifika! Tena alivyofika, mtashangaa."

Sasa mi si mtunzi. Nilipoanza nikakosa kitu cha kumpa yule mama mkononi, na mdomo ukachukua kilichokuwa karibu, yani mambo ya nyumbani kwangu. Mama Saidi, bamwana wangu, ana duka la vitenge kule Gitega, duka zima, limejaa mpaka juu, na kwenye posa alituletea vitenge vya Rehema vimepauka kwenye mkunjo, mstari mweupe toka juu hadi chini. Mi ni fundi, nikajua palepale: hii ni mali iliyolala dukani ikakosa mnunuzi, ndiyo inaletwa kwa mwanangu. Iliniuma, wallahi, iliniuma sana. Lakini nikanyamaza kwa ajili ya Rehema, sikumwambia mtu, nikashona nikificha ule mstari. Wiki tatu nilikuwa nimeumeza ule uchungu moyoni, na siku hiyo barazani ukatoka wote.

Mama tajiri akashuka garini na vitambaa vilivyopauka, mama Machozi akapokea kwa mikono miwili anasema asante huku roho inamuuma, na mi nikamtia mama tajiri na maneno: "Kwa watu kama nyie hii inatosha." (Mama Saidi hayo hakuyasema kamwe, niliongeza chumvi.) Estella alilia kwelikweli. Mteja aliyekuja kuchukua sketi alikaa hadi mwisho na sketi akaisahau. Vifungo vyangu vikashonwa vyote, vizuri mno.

Jioni nikakaa wima, macho kodo. Ehe! Wanaonyesha kwanza ya jana kwa ufupi: mama tajiri hakufika popote, gari lilimharibikia njiani! Ndiyo kwanza anafika leo, tena na mkufu wa dhahabu. Asubuhi ikabidi niwaambie wenzangu amekuja mara ya pili kuomba msamaha. Jumatano Machozi anacheka na mama mkwe wake, mi nikasema anajifanya tu yule, ana lake moyoni. Barazani kwetu tamthilia ikashika njia yake, kwenye tivi njia yake, na mi katikati naziba huku kunavuja kule. Nilichoka kuliko ningeshona vifungo vya soko zima.

Alhamisi Estella akaenda Gitega, kupitia Karuzi, kununua bitana na uzi. Mi mwenyewe ndiye niliyemwelekeza kwa Mama Saidi (akili zilikuwa wapi, msiniulize). Estella ana roho nzuri. Amefika dukani, amepewa chai, maongezi yakaenda kwenye tamthilia, naye akawasimulia wateja wote ile habari ya vitambaa vya kupauka, akalia upya. Mama Saidi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza taratibu nani amekusimulia hivyo, na Estella, maskini, akajibu kwa kujivuna, "Mama Rehema! Huyo anajua!" Akarudi kunipa salamu, ati bamwana wako anasema atakuja mwenyewe, mama mzuri sana yule.

Mama Saidi hakosi episodi hata moja. Hilo mi sikulijua.

Jumamosi asubuhi soko limejaa, namuona anakuja katikati ya watu na mtandio wake mweupe, peke yake. Akasalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba mapajani.

"Mafundi, mi natoka Gitega," akasema. "Nimeambiwa huku iko episodi zenye sisi kule hatuzioni."

Wenzangu wakacheka, wakadhani mgeni ana utani. Mi sikucheka.

"Endelea, bamwana," akaniambia. "Yule mama wa vitambaa vya kupauka, mwisho wake ulikuwaje?"

Wenzangu wakaacha kukanyaga, wakanigeukia. Hata wateja wa muuza ndala wa jirani wakageuka. Nikasema, "Bamwana, siku ile nililala. Sikuangalia."

"Ulilala?" Estella akaruka. "Na mama tajiri je?"

"Gari lilimharibikia njiani."

"Sasa mimi nimelilia nini?"

Mama Saidi alikuwa ananiangalia mimi tu. "Basi leo nisimulie mi," akasema. "Vile vitenge nilinunua mwaka nimemzaa Saidi. Nilikuwa sina duka, nauza nyanya chini. Nikasema huyu akioa, mke wake atavaa hivi. Vita ikaja, watu wanakimbia na godoro, na sufuria, mi nilikimbia na mtoto mgongoni na vitenge kichwani. Kila mwaka naviweka juani, nakunja palepale, narudisha kwenye sanduku. Vipya niko navyo, bamwana, duka unalijua. Vipya hata mpita njia ananunua."

Nilitaka ardhi ipasuke. Na hapo macho yake yakashuka kwenye cherehani yangu, kwenye kitambaa ninachofutia mafuta, na mi nikakumbuka. Ule upande wenye mstari mweupe uliokataa kufichika niliukata kwenye gauni la Rehema, nikaona haufai, nikauleta sokoni kufutia mashine. Wiki nzima nafutia mafuta.

Aliutambua. Akanyoosha mkono akauchukua, akautandaza mapajani na grisi yake, akaukunja kwenye mkunjo wake wa zamani, akautia kwenye mkoba. Hakunitukana. Angenitukana ningepona.

"Mama Saidi," nikamuuliza, machozi yananitoka mbele ya soko zima, "na harusi?"

"Harusi iko. Rehema hajanikosea kitu," akasema, akasimama. Nikamfuata mpaka barabarani bila viatu, utepe wa kupimia bado shingoni, naomba msamaha huku wabeba mizigo wananipisha na kuuliza ni nani amekufa. Alipanda gari akafunga mlango polepole.

Nyumbani nilimwambia Rehema yote, nikingoja anipigie kelele. Alikaa kitandani na lile gauni mikononi, akatafuta mahali nilipokata, akapaona.

"Mama," akasema, "si ungesema tu ulilala?"

Ndiyo harusi ilikuwa, nzuri, watu walikula. Barazani sasa msimulizi ni Estella, ananunua vocha anaangalia kwenye simu yake, na mi vifungo nashona mwenyewe na kidole kina sugu. Nimeapa: sitasimulia tena jambo ambalo sikuliona, na la moyoni nitamwambia mhusika mwenyewe uso kwa uso, hata kama ni la kuchubua. Nanyi mkilala, semeni mlilala. Kulala si aibu, mchana mzima tunafanya kazi.

Mwezi uliopita nilienda Gitega kumuona Rehema, ana mimba sasa. Nimepiga hodi jioni, nasikia ndani wanacheka wote, Rehema, mume wake, mama mkwe wake, tamthilia imekolea. Mama Saidi akanikaribisha vizuri, "Karibu, bamwana, karibu kiti," akaagiza chai, akanyoosha mkono akazima tivi. Tukakaa hivyo. Tukaongea habari za mvua mpaka chai ikapoa.