Vyuma Visivyoonekana vya Mshona Nyavu wa Karungu

Saa mbili asubuhi, ufuoni Karungu, kaunti ya Migori. Dolphine Auma ameketi mchangani, miguu ameinyoosha, wavu uliochanika umelala mapajani mwake. Kidole gumba cha mguu kinashika upande mmoja, mkono wa kushoto unashika mwingine. Mkono wa kulia unapitisha sindano ya mti yenye uzi wa nailoni, unazungusha, unafunga fundo.

Kisha uzi unakwenda mdomoni. Dolphine anaukamata kwa meno ya mbele ili auvute, fundo likaze. Mara anasita. Anautoa haraka, anatazama kushoto na kulia, halafu anaanza kulivuta fundo kwa vidole.

“Hiyo ndiyo shida yangu,” anasema kwa sauti ya chini, kiganja kikiwa mbele ya midomo. “Kichwa kimeelewa. Mdomo haujaelewa.”

Meno ya Dolphine yamefungwa vyuma, lakini usipoambiwa huwezi kujua. Vipande vilivyobandikwa ni vya rangi ya jino, na hata waya umepakwa rangi nyeupe. Wenzake walio naye ufuoni kutwa nzima hawajaviona. Ndivyo alivyotaka mwenyewe, na alilipa zaidi ili iwe hivyo.

Ana miaka thelathini na mitatu, na nyavu ameshona tangu alipokuwa mtoto akikaa kando ya mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Kila fundo hukazwa kwa meno. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo, na hakuna aliyemkataza. Miaka ilivyozidi kwenda, meno mawili ya juu yakasogea mbele, pengo likafunguka katikati yake, na midomo ikakataa kufungana. Katika picha zote za kwaya ya kanisa utamwona ameinamisha uso.

Lakini kilichompeleka kwa daktari si picha. Ni nyanyake, Teresa, ajuza wa miaka themanini na zaidi ambaye aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo siku hizo. Siku moja Dolphine alimlalamikia kwamba jino la mbele linacheza. Bibi akamwambia kwa Dholuo maneno ambayo Dolphine hajayasahau.

“Nyakwara,” alimwita, yaani mjukuu wangu, “yetu yaling'olewa siku moja, watu wakiona. Yako yanang'olewa kidogo kidogo na nyavu za watu.”

Dolphine hakulala vizuri. Akapiga moyo konde, akauza ndama aliyeachiwa na mama, akapanda gari kwenda Homa Bay, mahali ambapo hakuna anayemjua.

Huko kliniki aliwekewa mezani aina tatu. Vyuma vya kawaida, vile vinavyong'aa, vilikuwa shilingi elfu tisini. Vya rangi ya jino vilikuwa elfu mia moja na thelathini. Aina ya tatu ilikuwa ya plastiki inayopitisha mwanga, ya kuvaa na kuvua, na bei yake hata hakuiuliza mara ya pili. Siku nzuri ya kushona humpa shilingi mia sita, na siku nzuri si nyingi.

Sasa mtu atauliza, kwa nini mwanamke wa kipato hicho aongeze elfu arobaini ili vyuma visionekane? Dolphine anacheka kwa uchungu akiulizwa. Anaeleza kwamba hapa vyuma vya meno ni vya watoto wa matajiri. Mshona nyavu akionekana navyo, basi ana pesa. Wenye mashua watamcheleweshea malipo wakijua hatalala njaa. Kwenye matanga watamkadiria mchango wa watu wakubwa. Chama cha akina mama kitataka kujua pesa amezitoa wapi.

“Wangeniua na maneno,” anasema. “Nikaona heri nilipe zaidi ninyamaze.”

Akaanza kulipa polepole. Daktari alipomuuliza kazi yake, alijibu kwamba ni biashara ndogo ya ufuoni. Hakudanganya kwa nia mbaya. Haikumpitia kichwani hata kidogo kwamba meno yake ni sehemu ya kazi.

“Nani huambia daktari anafanya kazi na meno?” anauliza. “Mimi nilijua nafanya kazi na mikono.”

Siku alipobandikwa, alishuka Rodi Kopany akirudi nyumbani na kununua kioo kidogo sokoni. Akajitazama kwanza kwa karibu, halafu akakisogeza kioo mbali. Hakuviona. Anasema alisimama pale katikati ya wauza mboga akijichekea, mdomo wazi, mkono chini. Hiyo ndiyo furaha pekee anayoisimulia katika mambo haya yote.

Wiki ile ile kipande kimoja kilibanduka. Uzi uliingia chini ya waya, akauvuta kama alivyozoea, kikaruka mchangani. Akakitafuta mpaka akakipata. Daktari akakirudisha bila malipo. Kikabanduka kingine, nacho kikarudishwa. Cha tatu kilipasuka vipande viwili, na hapo ndipo alipolazimika kusema ukweli.

Daktari wake, Nyakerario Omosa, si mtu mkali. Anasema alisikitika sana, kwa sababu angejua mapema angemshauri asubiri. Vyuma vya rangi ya jino ni rahisi kupasuka kuliko vile vya kawaida, ingawa hata vya kawaida visingedumu kwa kazi hiyo.

“Gundi yetu inahimili ugali na samaki,” anasema daktari. “Haikutengenezwa kuvuta nyavu. Na uzi ukiendelea kuyavuta meno upande mmoja huku mimi nikiyavuta upande mwingine, atayapoteza mapema zaidi.”

Akampa Dolphine mambo mawili achague: aache kabisa kutumia meno kwa miaka miwili, au vyuma vitolewe. Pesa alizokwisha kulipa hazirudi.

Dolphine alijaribu. Alijifunga kitambaa mdomoni, akasema ana mafua. Alijaribu koleo, likakata uzi. Vidole navyo vilichanika, na fundo lililokazwa kwa vidole hulegea likiingia majini. Zamani nyavu mbili zilikuwa tayari kabla mashua hazijatoka jioni. Sasa hata moja haimaliziki, na mashua haikai ufuoni kumsubiri fundi.

Cephas, mwenye mashua tatu, alikuwa mteja wake mkubwa. Ameshapeleka nyavu zake kwa wengine. Anasema hana neno naye. “Ni fundi mzuri huyo, lakini siku hizi amekuwa mzito sana. Nikimuuliza kwa nini, anafunika mdomo.”

Wavu ulio mapajani mwa Dolphine leo ndio pekee aliopata wiki nzima. Maji yamezidi unga, na yeye halifichi. Amesema atakwenda Homa Bay Alhamisi, vyuma vyote vitolewe.

“Miaka miwili bila nyavu nitakula nini?” anauliza. “Si bora niwe na kazi na meno mabovu? Yakiisha yote, basi. Nimechoka.”

Akipata pesa siku moja atajaribu tena, anaongeza, lakini anasema hivyo akiangalia ziwa, bila nguvu yoyote kwenye sauti. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Mwandishi anamwambia kwamba gazeti linaweza kubadilisha jina lake, Cephas na wenzake wasije wakamtambua. Dolphine anatikisa kichwa.

“Hapana, andika jina langu,” anasema. “Nilichagua zile hazionekani. Sasa zikitoka Alhamisi, hakuna mtu hapa atajua kama nilijaribu.”