Maji ya Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele haijalia, Fundi Chupa aliingia stoo ya maabara ya shule na jagi la maji. Alifungua chupa moja ya rafu ya chini, akavitazama vipande vya fosforasi vilivyolala ndani kama mabaki ya mshumaa, akaongeza maji mpaka yavifunike, akafunga. Kifuniko kilikuwa na ufa. Kipya alikiomba miaka miwili, na miaka miwili ofisi ilimjibu kwamba ombi lake limepokelewa.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Yeye shule aliiacha mapema. Kemia aliiokota nyuma ya darasa, akiosha vyombo vya kioo huku walimu wakifundisha, kwa miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi wale, tena mzito. Nilipokwama upande wa kulia wa jedwali la elementi, yeye ndiye aliyenikwamua.

"Tazama, mwanangu," aliniambia, kitambaa mkononi. "Nitrojeni na fosforasi wako safu moja, mtu na mdogo wake. Nitrojeni atomi zake ndogo, mbili zinashikana kwa vifungo vitatu, hazina haja na mtu. Ukishuka chini atomi inakuwa kubwa, kushikana hivyo haiwezi. Basi fosforasi hii nyeupe atomi zake zinashikana nne nne, kifungo kimoja kimoja, tena vimepindwa. Kitu kilichopindwa hakitulii. Kikikutana na hewa, moto! Ndiyo maana tunakilaza majini."

Nilifaulu, nikaenda chuo kikuu, nikarudi palepale kufundisha. Siku ya kwanza akaniita mwalimu. Niliona raha, sikumkataza.

Kisha ikaja amri kwamba kila mfanyakazi wa maabara awe na cheti. Fundi Chupa akaondolewa kwa barua ya mistari miwili. Shukrani ya punda ni mateke. Nafasi yake ikachukuliwa na bwana mwenye stashahada na koti jeupe lililonyooshwa vizuri, ambaye chupa ile aliiona imejaa, akaandika "ipo", akaendelea na nyingine.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta mzee getini. Mlinzi, ambaye walikunywa chai pamoja miaka yote hiyo, alikuwa amemzuia kwa kuwa hana kitambulisho.

"Mwalimu, umemwambia mwenzio habari ya ile chupa?"

"Nitamwambia, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Jumatatu ya pili nikamjibu vilevile. Ya tatu nilimwona kwa mbali, nikapitia mlango wa nyuma. Nilikuwa naona aibu, basi! Aibu ya kumwambia msomi mwenzangu kwamba muosha vioo ameacha maagizo. Sentensi moja tu ilihitajika, na nilikuwa nayo mdomoni.

Likizo ikaja na joto lake. Chini ya bati la stoo maji ya chupa yalikauka, na mchana mmoja moshi mweupe ukafunika uwanja mzima. Hakuumia mtu, lakini stoo iliteketea na nusu ya maabara.

Shule ilipofunguliwa bodi ilikaa. Mzee akaitwa, akaja na shati lake la heshima.

"Uliondoka bila kumwachia mtu maelekezo?" mwenyekiti alimuuliza.

"Nilimwambia mwalimu."

Wote wakanigeukia. "Ni kweli, mwalimu?"

"Sikumbuki," nikasema.

Mzee alinitazama kwa utulivu, vile alivyozoea kutazama chupa aone maji yamefika wapi. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Kama mwalimu hakumbuki, basi labda sikusema. Uzee."

Wakaandika kwamba moto ulisababishwa na uzembe wa mtumishi asiye na sifa. Nilitia saini pamoja na wenzangu. Nje nilimkimbilia.

"Nenda darasani," aliniambia. "Wanakungoja."

Kila mwaka nafundisha somo lile: mtu na mdogo wake, vifungo vilivyopindwa, kitu kisichotulia. Wanafunzi hulielewa mara moja, hulipenda. Wakiniuliza nilijifunza wapi kulieleza hivyo, nawatajia chuo kikuu.