Mbuzi wa Pili wa Mwalimu Placide

"Mwalimu, kama mbuzi anarudia, zambi zetu nazo zinarudia?"

Julienne alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo mbele ya padri mgeni, katika kanisa la nyasi la kijiji cha Wamaza. Na swali hilo ndilo lililomponza mwalimu Placide, katekista wao.

Placide hakuwa mtu wa kufundisha kwa mdomo mtupu. Kwake mambo ya Waisraeli yalikuwa kivuli, na mwenye kivuli ni Yesu. Basi alitaka watoto wakione kivuli kikitembea. Padri alikuwa anakuja Jumapili kuwapima watoto wanaongoja ubatizo, na kuamua kama Placide atabaki katekista au atarudi kulima pamba. Akatafuta mbuzi wawili, kama wale wa Haruni: mmoja wa kuchinjwa, mmoja wa kubebeshwa dhambi na kufukuzwa porini. Wote wawili, aliwaambia, ni Yesu yule yule: alikufa, tena akaipeleka mizigo yetu mbali.

Mbuzi walitoka kwa jirani yake, mzee Ramazani, na ndiye aliyeshika kisu Ijumaa ya wiki hiyo, maana asipochinja Mwislamu nusu ya kijiji haionji. Wakristo nao Ijumaa hawali nyama, basi ikabanikwa kungoja Jumapili. Yule wa pili watoto walimwekea mikono kichwani, kila mmoja akinong'ona la kwake. Julienne alimbebesha karanga zote alizomwibia bibi yake. Kisha wakamkimbiza, wee, kelele na vijiti, mpaka ng'ambo ya mto. Julienne alirudi mwepesi kama unyoya.

Jumapili padri akauliza mbuzi wa pili ni mfano wa nani. Julienne alikuwa amekwisha kusimama ajibu, ndipo akamwona: mbuzi mwenyewe, tope mpaka magotini, anaingia mlangoni, anapita katikati ya watu, anaanza kutafuna makuti yaliyopamba altare. Watoto wakapanda juu ya mabenchi. Mmoja akalia kwamba dhambi zake zimemfuata. Mzee Ramazani, aliyekuwa akichungulia kutoka nje, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema:

"Mwalimu, mbuzi ya Wamaza hamujue Haruni. Anajua kwabo tu."

Hapo ndipo Julienne alipouliza. Padri akasema katekista anayeshindwa na mtoto hana la kumfundisha mtu mzima, na kabla jua halijatua Placide hakuwa katekista tena.

Julienne alikwenda na aibu ile hata shuleni kwa masista, Kasongo. Miaka sita ilipopita, likizo ilipofika, alipanda lori hadi Kabambare, akatembea mpaka Wamaza, na hata kwao hakupita. Alikwenda moja kwa moja shambani. Placide alikuwa na pamba mpaka kwenye nywele. Julienne alipoanza kumwomba msamaha, Placide akamkatiza, macho yakimwaka. Alisema jibu alilipata wiki ile ile, akikwatua shamba hilo hilo, ila hakuna aliyerudi kumuuliza.

"Tulimufukuza siku gani, mama?"

"Ijumaa."

"Na akarudia lini?"

Julienne akahesabu kwa vidole. "Jumapili."

"Siku ya tatu. Na mugongo yake, uliiangalia? Ilikuwa mutupu. Yeye alirudia, mama. Mizigo yetu ilibakia kule ng'ambo."