Kinachofunika Ndicho Nyumba

Mwanangu, siku niliyoshuka Mbamba Bay sijaisahau. Nilikuwa nimezunguka Songea, Makambako, Mbeya hadi Kyela, kisha meli ikanirudisha chini ya mlima wetu wenyewe. Kufika nyumbani, kijijini Ruanda, ilibaki minibasi moja tu, na sikuipanda. Huko mama alikuwa na kuta za matofali nilizomjengea kabla sijaondoka. Majirani walitaka kumwezekea, akakataa. "Mwenyewe yuko njiani," aliwaambia, na masika yakamkuta tena akilala jikoni. Habari hizo zilishuka na abiria.

Bibi Odilia, Mmatengo mwenye mgahawa bandarini, alinipa kazi ya kukaanga samaki. Siku moja wazee wawili wa Ulaya walikaa kwetu wakingoja meli: Mama Nora wa Ireland, aliyefundisha milimani mpaka Kiswahili chake kikanukia Umatengo, na mgeni wake kutoka Wales. Walirushiana maneno mpaka nikadhani wanagombana.

"Tunatafuta undugu," Mama Nora akacheka. "Kwetu nyumba ni *ti*. Kwao ni *ti*. Ng'ambo ya bahari, kwa Wabretoni wa Ufaransa, *ti* vilevile. Lugha zetu zimezaliwa tumbo moja."

"Hata sisi, Mama. Mmatengo nyumba, Mngoni nyumba, Mnyasa nyumba."

"Ehe! Na neno lenu lilianzia wapi?"

Sikujua. Mpaka leo nauliza.

"Letu, wanaolichimbua wanasema, lilianza na kufunika. Watu wa kale hawakutazama ukuta. Kilichowafunika ndicho walichokiita nyumba."

Bibi Odilia alikuwa anapara samaki, hakuinua kichwa. "Basi mama yako hana nyumba. Ana ua wa matofali."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko.

"Bibi, mwakani nitapanda nyumbani kumwezekea."

"Mwakani! Mvua imekuahidi kukungoja?"

Wiki ile ile nilipanda minibasi, mabati yamefungwa juu, na Mbamba Bay sikurudi kukaa tena. Mama alikuwa anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngazi iko nyuma ya nyumba."

Mwanangu, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Tembea, uliza, okota maneno ya watu. Miguu yangu nayo bado inawasha. Lakini neno lile *ti* lilivuka bahari, na kila lilipofika liliendelea kufunika watu. Nawe uwe hivyo. Ezeka kwanza, ndipo uage. Mungu akufunike popote utakapolala, na asikukoseshe wa kumfunika.