Upepo wa Breki

Pale Mikumi, kandokando ya barabara kuu, madereva wa malori walikuwa wanayapita mabanda ya wenzangu wote ili waje kula kwangu. Siringi, ila ukweli lazima usemwe. Mchele wangu ni wa Msowero, maharage nayaunga kwa nazi, na tangu nianze kazi ya mama lishe sijamuuzia mtu kiporo.

Asubuhi moja lori lilikosa breki, likaacha barabara na kuingia bandani kwangu. Namshukuru Mungu wateja walikuwa hawajafika. Mimi nilibanwa chini ya meza, maharage ya moto yamenimwagikia mkononi, na jirani kabisa na sikio langu ule upepo wa breki unatoka, psss, hauishi. Walinivuta, nikalazwa hospitali, nikapona. Kovu la mkono ninalo na wala halinisumbui.

Kilichonisumbua ni ile sauti. Kila lori lililoshusha upepo lilinikuta nimeshajitupa chini, hata kama nimeshika sahani ya mtu. Mwanzoni wateja walinihurumia, baadaye wapo waliocheka. Nilifunga banda nikaenda Kilosa kwa binti yangu, alikoolewa. Kila aliyekuja kunisalimia aliniambia, si umepona, mshukuru Mungu. Nilikuwa namshukuru kila swala, na bado naanguka. Huku nyuma wenzangu walianza kuulizia sehemu yangu. Mwenye kiwanja akanitumia ujumbe kwamba atanivumilia mpaka mpunga uvunwe, na baada ya hapo atampa mwingine.

Binti yangu alisikia kwamba hapo mjini kuna mtaalamu wa afya ya akili anayewatibu waliopatwa na mambo mazito kwa kuwachezesha macho. Nilikasirika. Nikamuuliza kama ameniona naokota makopo barabarani. Kesho yake alinishika mkono akanipeleka.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa msichana, umri wa mjukuu wangu mkubwa. Aliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba. Siku za mwanzo aliniuliza tu yaliyonipata, halafu akanifundisha kutafuta mahali ambapo moyo wangu unatulia, ili nikizidiwa nirudi hapo. Nilichagua shamba la marehemu mama yangu kule Masanze, mahindi yakiwa mabichi. Mpaka hapo hatukuwa na neno. Ilipofika siku ya kazi yenyewe, akasogeza kiti, akainua vidole viwili mbele ya uso wangu, akaniambia nivifuate kwa macho. Nilisimama nikachukua mkoba wangu. Kwetu mtoto hamnyooshei mtu mzima vidole usoni, hata awe na shahada ukuta mzima, na nilimwambia hivyo huku watu wa nje wanasikia.

Alinifuata mpaka nje. Hakujitetea. Alipiga goti akaniomba radhi, kisha akaniuliza, "Mama, mkono wangu ushike nini ndipo utaufuata?"

Swali lile lilinishika. Msomi ananiuliza mimi tufanyeje! Nikamwambia alete kijiko, maana vijiko nimevifuata maisha yangu yote. Akaenda kuazima kile cha chai yao, tukarudi ndani, na mimi nimenuna bado.

Aliniambia nikumbuke pale chini ya meza na lile neno lililokuwa kichwani mwangu, yaani nakufa. Kijiko kikaenda kulia, kikaenda kushoto, na macho yangu nyuma yake. Kijiko kikisimama, ananiambia nivute pumzi, nimweleze kilichokuja. Sikulala wala sikupumbazwa. Nilikuwa macho kabisa, nasikia mpaka kuku wa jirani. Mwanzoni ilikuja hofu tupu, mkono ukaniwaka, nikalia mbele ya mtoto wa watu bila aibu. Tukaendelea. Ilikuwa kama kuchambua mchele kwenye ungo: macho yanatembea, mawazo nayo yanajipanga yenyewe.

Siku nyingine, kijiko kikiwa kinaenda, nikasikia sauti za watu. Zilikuwepo siku ile ya ajali na mimi nilikuwa nimezisahau zote. Waliinua meza kwa mikono yao, wengine ni wale wale madereva wangu, na mmoja aliniwekea kiganja chini ya kichwa akisema, "Mama, tumeshakutoa." Nilimwambia yule mtaalamu kwamba sikufa. Maneno ya kijinga ukiyasikia hivi hivi, maana kila mtu alijua sikufa. Mwili wangu ndio ulikuwa haujapata habari.

Baadaye alinieleza kwamba jambo la kutisha huweza kubaki kichwani kama bado linatokea, na kwamba kulikumbuka huku macho yanatembea humsaidia mtu kulimaliza. Kwa nini macho, alisema wataalamu wenyewe bado wanabishana, na si kila mtu hupona kwa njia hiyo. Nilimpenda kwa kutonidanganya. Tulirudia tena na tena, mpaka nikaweza kulitazama lori lile moyoni bila kutetemeka.

Kabla mpunga haujaisha kuvunwa, nikarudi Mikumi na sufuria zangu. Najivunia hilo kuliko wali wangu, na wali wangu mnaujua. Mchana wa siku ya kwanza benchi zilijaa, wengine wamekuja kula, wengine nahisi walikuja kutazama. Nikiwa nimeshika sahani mbili, lori likasimama karibu kabisa na banda na kushusha upepo. Benchi nzima ikageuka kunitazama mimi. Sitasema uongo, moyo uliruka. Kisha ukakaa. Niliziweka zile sahani mezani, taratibu, mchuzi haukumwagika.

"Kuleni," niliwaambia, "wali unapoa."