Dereva wa Bibi Harusi

Gari langu ni la rangi ya damu ya mzee, na paa lake hufunuka kwa kubonyeza kitufe. Nimelinunua mwenyewe. Sikuhongwa, sikurithi. Nilitoka kijijini kwetu Marui na begi moja nikaenda Maskati kusugua masufuria kwenye jiko la hoteli, na wenzangu walipokuwa wamelala mchana, mimi nilikuwa darasani. Nikarudi na diploma ya mapishi na usimamizi wa hoteli. Nimeitundika sebuleni kwangu Pangani, hapa Kibaha, mahali ambapo mgeni akikaa tu lazima aione. Ndivyo nilivyokusudia.

Siku hizi napika kwenye shughuli za watu, na kwenye shughuli naenda na gari langu, paa wazi, vioo chini. Vijana wa bodaboda wa kwenye kona yetu hawakosi neno.

"Dada, hela ya bati iliisha?"

"Bati ninalo, mdogo wangu. Nimeliweka kwenye buti ili unione vizuri."

Wanacheka, nami nacheka, napita. Najua kabisa kwamba paa likiwa wazi na vioo vikiwa juu, upepo hupita kichwani na nywele zinatulia. Vioo vikishuka, upepo unaingia ubavuni na kuvuruga kila kitu. Mimi nashusha. Vioo vyenyewe vina tinti nzito, nami si mrefu. Nikivipandisha, aliyesimama pembeni ya barabara haoni mtu kwenye usukani. Sikuteseka ughaibuni ili nije kufichwa na kioo cha gari langu mwenyewe.

Basi mdogo wangu akachumbiwa. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, na tangu mama afariki, ada zake za shule nimelipa mimi. Mchumba ni kijana wa familia iliyohamia Kibaha kutoka Moshi, karani wa ofisi, mpole. Siku aliyonipa habari, mdogo wangu aliniomba kitu kimoja tu: "Dada, unitoe Marui wewe mwenyewe, na gari lako." Nikamwahidi.

Wiki ya harusi shangazi yetu, dada yake baba, akaja kwangu. Shughuli zote za ukoo wetu zinapita mikononi mwake. Akanywa chai, akala vitumbua vyangu, akavisifia. Kisha akasema, "Gari tumelikubali. Ila ataendesha kaka yenu yule anayekaa Gwata."

"Kwa nini, shangazi? Mimi nimevunjika mkono?"

"Usinifanye mtoto. Wewe ni mtalaka. Bibi harusi hatolewi kwao na mkono wa mtalaka, ni nuksi. Hukufundwa?"

Ni kweli niliolewa na niliachika. Ile ndoa ilikufa nikiwa Maskati, na aliyeiua si mimi. Lakini ada za shule za mtalaka zilipokelewa. Pilau ya harusi hiyo hiyo alikuwa anaipika mtalaka, na hakuna aliyeuliza kama ina nuksi. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza.

"Gari halitoki bila mimi, shangazi. Kama nina nuksi, kodini Noah."

Akaangalia gari pale nje, linavyong'aa. Alishawaambia wakwe kwamba bibi harusi atafika kwenye gari la wazi. Akatafuta njia ya kupita.

"Haya, endesha. Ila vioo viwe juu mpaka tufike. Bibi harusi tutampandisha juu ya mito kiti cha nyuma, watu watamwangalia yeye. Nani atachungulia mbele?"

"Paa wazi, vioo juu?"

"Ndiyo. Wewe si unasema nywele zinatulia?"

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimjazia kikombe.

Siku ya harusi, ndoa ilipokwisha kufungwa, nilisogeza gari mbele ya nyumba yetu ya Marui nikiwa nimevaa gauni la rangi ya dhahabu. Mdogo wangu akapandishwa nyuma juu ya mito, shela jeupe, hina mpaka viwikoni. Shangazi akakaa ubavuni pake. Akanyoosha mkono akanigonga begani. "Vioo."

Nikapandisha. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mdogo wangu, sikutaka atoke kwao kwa ugomvi.

Tukaanza kutembea taratibu, Coaster ya waimbaji nyuma yetu. Pale kisimani wanawake walikuwa wamepanga mstari, vigelegele, kanga zinapepea. Ni mama zangu wale. Walinibeba, walinichapa, walinilisha mihogo yao. Nilikuwa napita mbele yao kama mzigo uliofunikwa. Nikapunguza mwendo. Mmoja wao akapaza sauti:

"Jamani, gari zuri! Nani anaendesha?"

Na shangazi, kwa sauti ya juu kabisa, akajibu, "Dereva wa kukodi!"

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi kabla hajafunga mdomo. Gari lile lina swichi moja inayoshusha vioo vyote vinne kwa pamoja. Vikashuka.

"Shikamooni, mama zangu!"

Yule aliyeuliza akashika kiuno. "Marahaba! Mwee, kumbe wewe! Ndiyo umekuwa wa kukodi?"

"Sikodishwi, mama. Gari langu, na bibi harusi wangu."

Walicheka mpaka wengine wakainama. Vigelegele vikaanza upya, na safari hii baadhi yake vilikuwa vyangu.

"Pandisha!" shangazi akafoka. "Pandisha, au nishushe hapa hapa."

Nikasimamisha gari. "Mlango huo, shangazi."

Coaster ikapiga honi. Shangazi akatazama vumbi la barabara, akatazama viatu vyake vipya. Akamgeukia mdogo wangu. "Mwambie dada yako."

Mdogo wangu hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Alisema bila kugeuza kichwa, kama mtu anayeombwa na mpiga picha asitikisike. "Shangazi, ninayeolewa ni mimi. Na dereva nilimchagua mimi. Dada, twende."

Nikaondoa gari. Tulipofika lami ya Kisarawe nikakanyaga mafuta, upepo ukaingia ubavuni kama nilivyojua utaingia, na shela likataka kuruka lote. Shangazi akalidaka. Akalishika kwa mikono miwili, mdomo kaufunga, na hakuliachia hata tulipoingia Pangani kwa wakwe.

Picha ya kuwasili ipo sebuleni, chini ya diploma. Mdogo wangu anacheka, shangazi ameng'ang'ania shela kama mtu anayezuia hema lisiondoke na upepo, na mbele, kioo chini, dereva anaonekana mpaka hereni.

Najua wapo wanaosubiri ndoa ile ivunjike ili waseme waliyasema. Waendelee kusubiri. Nikipita kwao napunguza mwendo, nawaamkia kwa majina yao yote. Paa wazi. Vioo chini.